Mchezaji wa Pili

Simu ilimkuta mezani kwenye karakana ya meno bandia, akisubiri plasta igande. Mume wake alikuwa ameanguka kazini na hakuamka. Aliisikiliza mpaka mwisho, akatoa taya la plasta la mgonjwa kwenye kalibu, akalipanga na mengine, ndipo akavua aproni.

Siku mbili kabla, mume huyo alikuwa ameweka hatua aliyoitunga mwenyewe kwenye tovuti ya wapenzi wa mchezo wake wa kompyuta wa kupigana risasi: vyumba vitano, maadui ishirini na wawili, dakika tisa. Sharti la tovuti lilikuwa moja. Hatua isiyochezwa na watu wawili kwa siku, ikifika saa mbili usiku inafutwa.

Plasta ya meno huganda kwa dakika kumi. Basi kila siku, kati ya taya na taya, mjane alifungua simu, akaua maadui ishirini na wawili, akanawa mikono, akarudi kwenye meno ya watu. Hakuhisi chochote. Alimaliza tu, kama mtu anayepiga deki.

Tovuti haikutaja majina, ila ilionyesha kila mchezaji alikofia. Wa pili alikuwapo kila siku. Mjane alimchukulia kuwa mtoto wa mtu fulani, mbali huko, asiyejua kuchoka.

"Mwenzio kafika wapi leo?" fundi mwenzake aliuliza.

"Kafia chumba cha kwanza."

"Tena? Huyo anacheza kwa viwiko, au?"

"Mradi anacheza."

Nyumbani, mama mkwe wake hakutaka hata kuusikia mchezo huo. "Mtu mzima na akili zake, anashinda anaua watu wasiomkosea," alikuwa akisema tangu mwanawe yu hai. Baada ya msiba yeye ndiye aliyefagia chumba cha marehemu na kupangusa kompyuta. Mjane hakuwahi kukanyaga humo tena.

Ijumaa moja walishinda wote wawili kliniki kwa ajili ya goti la mama mkwe. Mjane alicheza kwenye foleni. Waliporudi, saa moja na nusu, tovuti ilionyesha mchezaji mmoja.

Alipakua chakula. Akatazama simu. Mmoja.

"Kula, mwanangu, kinapoa."

"Nakula, mama."

Hakula. Mkwe wake alijishika goti, akanyanyuka kwa taabu, akasema anakwenda kufunga madirisha. Mjane hakuinua macho. Saa mbili kasoro dakika tano, namba ikageuka. Wawili. Chumba cha kwanza.

Alivuta sahani, akamega tonge la kwanza tangu asubuhi.

"Mwanangu," mkwe wake aliita kutoka chumba cha marehemu, "hebu njoo unionyeshe. Huu mlango unafunguliwaje? Miezi mitatu sasa naupiga risasi tu."