Injini Isiyotetemeka

"Hii ni injini au birika?" Mzee Sikio aliuliza, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

Mchomeleaji alicheka, mpiga rangi akacheka, kwa sababu kwenye gereji ile bosi akitania wote hucheka, wameelewa au hawajaelewa.

Binti yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya hilo birika, grisi hadi kwenye viwiko. Alilitoa kwenye gari dogo la michezo lililogongwa nyuma likakunjika vibaya. Gari la kulipokea lilikuwa lake mwenyewe, alilorithi kwa mjomba wake: milango miwili, pua ndefu, lililoundwa enzi ambazo watu walichezea mafuta. Injini yake ya silinda nane ilikwisha ng'olewa, inaning'inia kwenye mnyororo.

"Baba, hii haina pistoni za kupanda na kushuka," alisema. "Ndani kuna kipande cha pembetatu kinazunguka tu, na tabo inakisukumia hewa. Nguvu ni zilezile, uzito nusu, na gari halitetemeki."

"Ongea ukiniangalia. Usiongee na sakafu."

Akainua uso, akarudia yote tangu mwanzo.

"Halitetemeki," mzee akamwigiza, midomo ameibinua. "Hata maiti haitetemeki, mwanangu. Mbona hatuipandi?"

Jina la Sikio hakujipa mwenyewe. Miaka thelathini watu walimletea magari yaliyowashinda mafundi wengine, naye aliinama, akatega sikio, akataja ugonjwa kabla boneti haijafunguliwa. Sifa zikampanda kichwani, zikajenga huko huko. Siku hizi hakumruhusu mteja hata kueleza tatizo. Alimkata kauli, akaweka kiganja kwenye madigadi, akafumba macho, akatoa hukumu. Akikosea, kosa lilikuwa la spea. Simu hakupokea; simu, alisema, ni za watu wasio na kazi. Lori likimpigia honi nyuma yake hakusogea hata hatua moja, na madereva walimtukana kwa kiburi chake, wala hawakukosea sana.

Lakini ile silinda nane aliipenda. Kila asubuhi alimwamuru binti aiwashe, na sakafu ikianza kutikisika na vikombe kucheza mezani, uso wake ulilegea akawa kama mtu mwingine. "Gereji nzima hii," alizoea kusema, "hakuna gari lenye uhai ila hili." Sasa binti amelitoa moyo, na mzee alikuwa na hasira ya kweli.

"Tuwekeane ahadi," akasema mbele ya wote. "Jumamosi nitakuja. Likiwaka, nami nikakosa kasoro, funguo za gereji chukua, mimi nikae nyumbani nihesabu misumari ya dari. Lisipowaka, unarudisha injini ya mjomba wako, unarudi mezani kuandika majina ya wateja, na habari za ufundi tumezimaliza."

Miaka kumi binti aliitamani gereji ile. Alikubali bila kupepesa.

Wiki nzima mzee alipita pale akimwaga kejeli. Alipokuta nyaya zimetandazwa sakafuni aliuliza kama anaunda gari au anasuka mkeka. Alipokuta tabo imefungwa aliuliza kama hiyo ndiyo pua ya birika. Vishikizo vya injini binti alivichonga mara tatu, maana mara mbili za kwanza vilikaa upande na injini ikagusa mhimili wa usukani. Mpiga rangi alimwambia waziwazi kwamba anajiaibisha bure. Binti alimwomba spana ya kumi na nne, akaendelea.

Jumamosi mzee alifika saa nne, amevaa shati jeupe kama anakwenda kuposa. Nusu ya mtaa ilikuwa imelizunguka gari. Boneti ilikuwa imefungwa. Binti alikaa kwenye usukani, mlango wazi, meno yote nje. Mchomeleaji alikuwa ameziba masikio kwa vidole, na mpiga rangi vilevile.

"Mnaogopa bomu?" mzee akawadharau. "Hata cheche haitatoka."

Akaweka kiganja kwenye madigadi, kama anayempima mtoto homa. Akafumba macho, akangoja. Akahamisha mkono kwenye paa. Hakuna kitu. Alipofumbua macho, uso ulikuwa umechanua.

"Haya, fundi mkuu. Umekaa unasubiri nini? Washa."

Tabasamu la binti likakatika. Alimtazama baba yake, akamtazama mchomeleaji. Mchomeleaji akatazama viatu vyake.

"Washa tuone," mzee akaendelea, akiwageukia watu. "Wiki nzima ya kelele na nyundo, na chuma kimelala fofofo. Niliwaambia mimi. Hawa watoto wa siku hizi mnawapa moyo wa nini?"

Akacheka. Mara hii hakuna aliyemfuata. Mpiga rangi alitoa vidole masikioni, akafungua mdomo aseme neno. Binti akamkazia macho, naye akaufunga.

"Au umesahau ufunguo uko wapi?" mzee akauliza.

Binti aligeuza ufunguo, na mngurumo uliokuwa umejaza mtaa tangu kabla baba yake hajaingia langoni ukakatika. Akashuka, akasimama mbele ya uso wake, karibu kabisa, akasema polepole: "Kweli, Baba. Limekataa kuwaka."