Kivuli Kilichobaki Mpakani

Mandhari ni mali ya nchi. Ukihama, unaondoka na watu wako tu. Mlima, nyasi na ndege hufutwa kwenye picha zako mpakani. Sheria hiyo nimeisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, na siku tulipohama nilimeza hasira walipofuta twiga na maporomoko yetu.

Picha moja ilinishinda. Marehemu mke wangu, Tusekile, ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu, kwa hiyo yeye hayumo katika picha yoyote. Ila siku moja kule Kitulo alisimama jua likiwa mgongoni, na kivuli chake, kofia na viwiko vyote, kikaangukia miguuni pa watoto wetu.

“Huyu ni mke wangu,” nikamwambia ofisa.

“Mzee, hicho ni kivuli, na kimelala juu ya nyasi. Nyasi ni zetu.”

“Kwa hiyo mke wangu ni nyasi?”

“Baba, punguza sauti,” mwanangu Lusajo akasema. “Watatuzuia.”

Ofisa akabonyeza. Watoto wakabaki wamesimama kwenye weupe mtupu, wakimchekea mtu asiyekuwapo.

Jana, huku ugenini, Lusajo alitupanga bustanini atupige picha. Jua lilikuwa nyuma yake. Alipoona kivuli chake kwenye majani, akaruka pembeni kama mwizi.

“Rudi hapo!” nikamfokea. “Sogea karibu kituangukie sisi. Sisi bado hawajatutaifisha.”

Lusajo akatazama kwanza kule barabarani, ndipo akasogea.