Kitanda cha Bi Harusi

Zamani upepo ulikuwa na majira yake. Siku hizi bahari imeshika joto, vimbunga vinajijia tu. Redio ikasema kingine kitafika kabla ya adhuhuri, watu wote wapande shuleni, mlimani.

Mwanakheri alikuwa anaolewa kesho. Hina ilikuwa mbichi mikononi na miguuni, na bi harusi haonwi na wanaume.

"Hazami mtu, wala hina haiharibiki," akasema kungwi wake, Bi Tufaha. Wakamlaza kitandani, wakamfunika kanga gubigubi, wanawake wanne wakambeba.

Njiani Makame, muuza mkaa, akakiona kitanda. "Jamani! Wanawake wanazika wenyewe?" Akatupa gunia lake, akatia bega. Wanaume wengine wakaja mbio wakipokezana, kama ilivyo ada ya maziko, na kitanda kikapaa mlimani. Bi Tufaha akawaacha wadhani hivyo, akafuata nyuma. Angesema nini, na bahari inanguruma vile?

Getini pa shule Makame akauliza kwa upole, "Bibi, marehemu ni nani?"

"Marehemu ana kiu," ikajibu sauti chini ya kanga.

Nusura wamwangushe. "Toba!" akapiga kelele Makame, na Bi Tufaha akacheka mpaka akashika mbavu: "Ni bi harusi huyo, si maiti!" Hapo mtu akapaza sauti ya redio: kimbunga kimegeuka, kimerudi bahari kuu. Mama yake Mwanakheri akakaa chini palepale, machozi yakimtoka, akishukuru.

Wanaume wakabaki wamesimama, kitanda mabegani, wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kukishusha.