Ubishi wa Baba na Binti

“Kompyuta imemaliza, mzee,” alisema mwalimu aliyefundisha pamoja na marehemu, aliyefika nyumbani Kibamba kuichukua kwa niaba ya chuo.

Leodegar alisogeza kiti. Binti yake alikuwa ameiacha mashine ikisoma mahubiri ya kale ya Kiingereza, ili itafute ni neno gani linaloandamana zaidi na jina la Mungu. Baba alisema ni rehema. Binti alisema ni hasira. Walibishana mpaka chai ikapoa, binti akacheka: “Baba, ngoja mashine iseme, utanyamaza mwenyewe!”

Juzi walimzika.

“Ni rehema,” mwalimu alisema taratibu. “Umemshinda, mzee.”

Leodegar alikuwa akitazama kitufe kimoja ambacho herufi yake ilikuwa imefutika kwa kuguswa na kidole cha binti yake kila siku.

Mwalimu akaanza kukunja waya. Mzee akamshika mkono.

“Haikusoma vizuri hiyo.”

“Imesoma yote, mzee wangu.”

“Nimesema haikusoma vizuri. Irudishe mwanzo,” alisema Leodegar, akauchomeka waya mwenyewe. “Na wewe kaa, mwanangu. Chai inakuja.”