Pezi Lililokataa Kukaa

Pezi lilirudi tena, vipande viwili ndani ya taulo.

"Mwamba, Fundi," alisema Tahir, macho chini kama mtu aliyekuja kutoa mkono wa pole. "Maji yalikupwa, nkaupiga."

Fundi Abdulwahid aliviweka vile vipande juu ya meza. Lilikuwa pezi la nyuzi za kaboni, jeusi, jembamba, la kufungwa chini ya ubao wa kaiti, ule unaovutwa juu ya maji na tiara kubwa. Limekatika palepale walipokatikia wenzake wawili: upana wa kidole juu ya kitako. Kwengine kote linang'aa, utadhani ndiyo kwanza limetoka karakanani.

Tahir alikuwa mwalimu wa skuli ya kaiti Matemwe. Skuli hiyo ndiyo iliyoipa jina karakana ya Abdulwahid, hapa mjini Ng'ambo, na sasa mwenye skuli alishaleta salamu: likivunjika jengine, kazi yote inahamia Dar es Salaam.

"Gari la skuli linakuja mjini kila siku," Abdulwahid alimwambia. "Mpe dereva. Unajisumbua bure."

"Hapana usumbufu, Fundi," Tahir alijibu upesi. "Hata kidogo."

Akaaga. Akaaga na pembeni pia, alikokuwa Faiza akikata kitambaa cha kaboni. Faiza aliitikia salamu ile ndani ya kitambaa.

Huyo ndiye Faiza, fundi msaidizi, mikono ya dhahabu na haya ya bibi harusi. Siku aliyokuja kuomba kazi alisimama mlangoni tangu asubuhi mpaka mama yake akaja kumsemea. Mtaani walimtania: Faiza hana mdomo, ana kanga. Akiudhika huvaa ya maudhi, akifurahi huvaa ya furaha, mwenye macho na asome.

"Mwanangu," alisema Abdulwahid, "kazi yako naipenda. Lakini hewa inabaki ndani ya pezi, ndiyo inayolivunja, hapana jengine. Tengeneza hili la mwisho. Nalo likirudi limevunjika, basi, utafute kazi kwengine."

Faiza alikiokota kipande kilichovunjika, akaweka kidole chake juu ya kitako, akapima. Kisha akakitazama kile kipande kama mtu anayesoma barua, na Abdulwahid hakuona cha kusoma.

Kesho yake alikuja na kanga nyekundu kichwani, chini imekatwa ukanda mzima.

"Panya wa kwenu wana mkasi?" Abdulwahid alimtania.

"Naam, Fundi."

Hakuuliza zaidi. Matambara ya karakana yote yalikuwa kanga kuukuu.

Faiza aliomba apange vitambaa peke yake. Alipomwita Fundi, vitambaa vyeusi vilishalala ndani ya kalibu ya pezi, tabaka juu ya tabaka, na plastiki imefunikwa juu, kingo zimegandishwa pande zote. Akawasha pampu ya kunyonya hewa. Plastiki ikanywea, ikabana kila kona kama tumbo la mfungaji saa kumi alasiri. Wote wawili wakainamisha masikio. Pangekuwa na tundu, hata la sindano, lingepiga mluzi.

Kimya.

Faiza akafungua bomba la gundi. Ikaingia taratibu, ikivutwa na pampu, ikapanda ndani ya nyuzi kama chai inavyopanda ndani ya mkate uliochovywa. Abdulwahid aliifuata kwa macho mpaka mwisho. Hapakuwa na povu hata moja.

"Hili!" alisema, akapiga kofi. "Hili litamzika Tahir na wajukuu zake!"

Koleo ilimponyoka Faiza mkononi.

Wiki haijatimia, Tahir huyo. Mlango ulikuwa wazi, akaingia moja kwa moja mpaka mezani, bila hata hodi, taulo kwapani.

"Shikamoo, Fundi. Mwamba tena."

Moyo ulimshuka Abdulwahid mpaka kwenye makubadhi. Alimgeukia Faiza ili aseme alichoahidi, akaona bora kwanza alifunue taulo. Safari hii pezi halikukatika tu. Lilikuwa limebambuka pale kwenye mvunjiko, limefunguka kama msahafu juu ya marfaa, na katikati ya kurasa zake nyeusi umelala ukanda mwekundu.

"Faiza!" Walisikia mpaka ng'ambo ya barabara. "Umetia tambara? Ndani ya kaboni? Unataka kuniua, mtoto wewe?"

Faiza alikuwa amejifunika kanga, yanaonekana macho tu. Na macho hayo hayakuwa kwa Fundi wake.

Abdulwahid alivaa miwani aone hasara ilikoanzia. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa pezi: hapana hata mkwaruzo wa jiwe. Juu ya mvunjiko, kila upande, palikuwa na alama za meno, meno yaliyopangika vizuri, ya jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu. Aliufuta ule ukanda mwekundu kwa kidole gumba. Gundi ilikuwa imeyahifadhi maandishi yake kama yaliyo nyuma ya kioo.

KWETU HAPAVUNJWI, HUPIGWA HODI.

Alilisogeza pezi upande wa Tahir. Tahir alisoma. Akasoma tena. Kisha akarudi kinyumenyume, taulo limemwanguka, mpaka akawa nje ya kizingiti, akajikohoza.

"Hodi," alisema.

"Si hapa," alijibu Faiza. "Kwa baba."