Mahali Alipokuwa Jaribu

Ndara ya Jaribu ililazwa juu ya meza ya mahakama, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila aliyeingia aliitazama ndara kwanza, mshitakiwa baadaye. Ilikuwa ya kushoto, imeshonwa kwa waya wa shaba. Kijiji kizima cha Wingwi hapakuwa na mwengine mwenye ndara ya namna ile, maana wenziwe zikikatika hununua nyengine.

"Mheshimiwa Jaji," alisema mwendesha mashitaka, "ndara hii ilikutwa imenasa topeni, hatua tatu tu kutoka alipoangukia marehemu Hudhaifa."

Kisha akaonyesha panga. Mpini wake ulizongwa mpira wa baiskeli, kazi ya mikono ya Jaribu mwenyewe. Lilikutwa kwenye migomba, limeoshwa vizuri, lakini chini ya ule mpira damu ilibaki. Kisha wakaletwa mashahidi wawili waliomsikia Jaribu, wiki moja kabla, akimwambia Hudhaifa mbele ya watu: "Ng'ombe wako akila tena muhogo wangu, namchinja yeye, halafu nakuchinja weye."

Aliyeona mauaji yenyewe hakuwepo. Hudhaifa aliuliwa njia ya mashambani, baada ya sala ya alasiri, na siku hiyo wenye macho wote walikuwa uwanjani wakitazama mpira.

"Huu ni ushahidi wa mazingira," Jaji aliwaeleza watu waliojazana kwenye mabenchi. "Kipande kimoja kimoja si kitu. Lakini vikishikana, na visielekeze kwa mtu mwengine yeyote, vyatosha kumnyonga mtu."

Jaribu alijishika shingo.

Yeye hakuua. Alasiri ile alikuwa kijiji cha Ole, amekwenda na viatu vyake vya sikukuu, amekaa jamvini kwa Zulekha anakula mkate wa kumimina. Zulekha alikuwa mkewe wa pili. Ndoa ilikuwa na miezi minne, na nyumbani, kwa mkewe wa kwanza, Mwanapili, hakuitangaza. Katika Wingwi aliyeijua ni mmoja tu, aliyemtafutia mchumba na kusimama shahidi siku ya kuoa. Naye ndiye huyo Hudhaifa.

Wakili wake, Safaa, msichana mwembamba mwenye miwani, alimbembeleza wiki tatu.

"Mzee Jaribu, niruhusu nimwite Bi Zulekha. Aseme ulikuwa kwake, wende zako nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa Bi Mwanapili."

"Basi ndiyo maana sitaki. Kitanzi chaua mara moja, mwanangu. Mwanapili hana haraka."

Safaa alivua miwani akaifuta. "Na ndara zako siku ile alizivaa nani?"

"Ndara zakaa mlangoni. Apitaye avaa."

Siku ya mwisho ya utetezi, Safaa hakuwa na shahidi hata mmoja. Ndipo Mwanapili alipomwita pembeni, akasema anataka kuzungumza. Safaa alidhani atamsifia mumewe kwamba ni mtu wa sala na hapigi watoto. Akamwita kizimbani.

Mwanapili aliapa, akatengeneza mtandio, akamtazama Jaji kama anayemtazama mkwe.

"Alasiri ile mume wangu alikuwa nyumbani. Alikuwa na homa. Nilimpikia uji, akanywa, akalala, nami nikakaa ubavuni pake nampepea mpaka ikaadhiniwa magharibi. Hatukutoka, si yeye si mie."

Jaribu alimkodolea macho mkewe. Safaa aliinamia karatasi zake kama zilizoandikwa Kichina.

"Na ndara?" aliuliza mwendesha mashitaka.

"Iliibwa."

"Na panga?"

"Liliibwa pia. Wezi wa kwetu hawachagui."

Mabenchi yalicheka. Jaji akagonga meza, akauliza:

"Mbona haya hukuwaeleza askari, Bi Mwanapili?"

"Hawakuniuliza. Walipokuja waliniomba maji ya kunywa, nikawapa, wakashukuru, wakenda zao na mume wangu."

Baada ya siku mbili Jaji alisoma hukumu. Ndara husafiri bila ya mwenyewe, alisema, panga huazimwa, na maneno ya hasira, yangekuwa yanaua, kisiwa hiki kisingebaki na mtu. Mke ameapa kwamba mumewe hakutoka ndani. Pameingia shaka, na shaka ni haki ya mshitakiwa. Jaribu yuko huru.

Jaribu alilia mbele ya watu bila ya kuona haya. Alilia tena kwenye gari, na waliposhuka Wingwi wakashika njia ya udongo kwenda nyumbani, alikuwa bado anapangusa pua. Kilichomliza sasa si kitanzi tena. Ilikuwa aibu. Mwanamke ambaye yeye alimficha mambo miezi minne amekula kiapo cha uongo kwa ajili yake.

"Mama Nusaiba," alisema, "umejitia dhambini kwa sababu yangu. Nina jambo lazima nikwambie. Siku ile mie nilikuwa..."

"Ole," alisema Mwanapili. "Kwa Zulekha."

Jaribu alisimama katikati ya njia. "Nani kakwambia?"

"Hudhaifa. Mwanzo alikataa, lakini mwisho alinielekeza vizuri, mpaka rangi ya mlango."

"Lini?"

"Alasiri ile," alisema Mwanapili, akamshika mkono. "Twende, baba Nusaiba. Kesho nataka nikamwamkie mke mwenzangu."