Kilo Tisini na Moja za Bwana Oke

Wewe uliangalia pembeni. Usikatae. Halmashauri ya Wirrabilla ilipouza bwawa la kuogelea, ulikuwa unatafuta miwani. Ilipouza stesheni ya reli, ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu, na mimi rangi ya viatu vyenyewe naikumbuka. Kwa hiyo zamu ya uwanja mdogo wa ndege na banda lake la bati ilipofika, walibaki watu kumi na saba wa kuutetea. Na saa ile walikuwa wamekalia bawa.

Si bawa zima. Walikalia boriti yake, ule uti wa mgongo unaobeba bawa: mita nane za nyuzi za kaboni na gundi. Merle Tancred, mpishi mstaafu wa kambi za wakata manyoya ya kondoo, alizipanga tabaka juu ya tabaka kwa miaka mitatu, akazifunga kwenye plastiki na kuzinyonya hewa kwa pampu ya kukamulia ng'ombe. Sasa boriti ilikuwa imepinduliwa, ili uzito uisukume kama hewa itakavyoisukuma angani, na kufungwa katikati kwenye kitako cha chuma. Watu walibanana juu yake kama kasuku kwenye waya, miguu ikining'inia, kila mmoja na gunia la chumvi ya mifugo mapajani. Ikistahimili mzigo huo, ndege anayoiunda Merle humo bandani itaruka. Ikivunjika, miaka mitatu imekwenda.

Saa tisa na nusu alasiri, Ijumaa, akaingia Desmond Oke, afisa wa halmashauri, tangazo mkono huu, nyundo mkono ule.

Tangazo lilitakiwa liwe mlangoni kabla ya saa kumi na moja jioni. Likipigiliwa, banda linafungwa Jumatatu na uwanja unauzwa. Lisipopigiliwa, amri inakufa, na halmashauri inalazimika kuanza upya, safari hii mbele ya wananchi. Unadhani Merle aliichagua siku ile kwa bahati?

"Usigonge!" akapiga kelele. "Ukigonga mlango banda zima linatetemeka, hawa wananidondokea kama maembe. Una kilo ngapi?"

"Tisini na moja. Na nyundo, tisini na mbili."

"Nyundo weka chini. Nimepungukiwa kilo tisini na moja kamili."

"Bahati iliyoje," alisema Oke, akapanda.

Merle alimkalisha katikati kabisa, karibu na kitako. Mzigo wa namna hii hupunguzwa kuanzia nchani, mtu mmoja mmoja, taratibu. Wa katikati hushuka mwisho. Watu wakafinyana viuno.

"Na wote hawa wamepimwa?" Oke aliuliza.

"Wote. Kwa mizani ya bucha ya Nello."

"Mimi imenionea," alilalamika Nello Bortolussi, mwenye bucha, kutoka nchani. "Eti kilo mia na nne! Mizani ile inazidisha."

Watu kumi na sita walionunua nyama kwake miaka thelathini wakageuza shingo kwa pamoja.

"Kwa binadamu tu," Nello akawahi kusema. "Kwenye nyama iko sawa."

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Oke.

"Kumi na robo. Kunywa chai."

"Na sasa?"

"Kumi na dakika ishirini na tano. Tulia basi, baba, unatutikisa!" Merle akamkonyeza Nello.

Saa kumi na dakika arobaini na mbili, kitu kikalia: traaa!

Merle akageuka rangi ya unga. Alipiga magoti mbele ya rula iliyopima boriti imepinda kiasi gani, akaitazama mara mbili. Angeweza kunyamaza. Dakika kumi na nane tu, na uwanja umepona. Lakini kama tabaka zimeachana huko ndani, kila dakika ilikuwa inazichana zaidi.

"Shukeni," alisema.

"Mama Merle, mbona bado..."

"Nimesema shukeni! Nchani kwanza. Polepole!"

Wakashuka, gunia kwa gunia, mtu kwa mtu. Hakuna aliyetaka kuitazama nyundo. Alipobaki Oke peke yake, Merle alitoa sarafu akaanza kuigonga boriti toka ncha hadi ncha, sikio limeinama. Palipoachana hutoa sauti iliyofifia, kama unagonga mkate. Ti, ti, ti. Alipita hadi kwenye paja la Oke, akalizunguka, akaendelea upande wa pili. Ti, ti, ti. Nzima kabisa.

"Sasa kilichopasuka ni nini?"

Nello alikuwa amesimama mgongo umegandana na ukuta.

"Suruali," alisema.

Hakuna aliyecheka. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika hamsini na tatu. Merle alikuwa mkaidi, lakini mwongo hakuwa.

"Jaribio limekwisha, Bwana Oke," alisema. "Boriti imepita. Nyundo yako ile pale."

Oke hakusogea. Alinyoosha mkono, akavuta gunia moja la chumvi, akalipakata.

"Mimi tangazo hili nimelichelewesha tangu Jumatatu peke yangu," alisema, "na nyinyi, watu kumi na saba, dakika saba zinawashinda? Rudini mkalie!"

Saa kumi na moja ikapita, amri ikafa. Kikao cha wananchi ni leo, Alhamisi, na viti vipo tele. Inuka sasa hivi. Nenda ukakae.